Mipira Kumi Tena

Jumapili, 3 Novemba

Mvua ya kwanza. Haikulaza hata vumbi la uani, lakini harufu yake ilitosha kumfanya mke wangu, mama Josefina, atoe mbegu ndani azianike. Daftari hili nililinunua la kuandikia gofu peke yake. Naona litabeba na mengine.

Nianze na gofu. Nina miaka sitini na nane. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mtunza stoo wa kampuni ya chai kule Mufindi, na huko ndiko nilikojifunza mchezo huu, kwanza kwa kubeba mikoba ya wakubwa, baadaye kwa kuwashinda. Nilipostaafu nikarudi Mpanda na fimbo zangu. Watu walicheka. Mimi na Amri tukafyeka mashimo sita kwenye uwanda nyuma ya mtaa, pale wanapochungia ng'ombe, na kuzunguka kila shimo tukamwaga mchanga uliochekechwa. Amri ana duka la vyombo Majengo. Nilimfundisha mwenyewe, miaka tisa iliyopita. Sasa ananizidi.

Hilo ndilo linaloniuma. Fimbo yangu kubwa, ile ya kupigia mpira wa kwanza, haipeleki tena. Mpira unatoka chini chini, unakata kulia, unalala. Mwaka juzi nilikuwa nafika kwenye kichuguu. Leo nimehesabu: nimepungukiwa hatua arobaini na moja.

Jumatano, 6 Novemba

Mawingu bila mvua. Nimepiga mipira kumi. Saba imeangukia shambani kwa bibi Athanasie.

Ijumaa, 8 Novemba

Amri alikuja baada ya swala, akanitazama nikipiga, akakaa kimya mpaka nilipomaliza. Ndivyo alivyo. Anaweza kukaa na neno siku nzima akilitafutia mahali pa kuliweka.

"Kaka," akasema, "mkono wako hauna shida. Shida ni mpini."

Najua anachosema. Kila mpini wa fimbo ya gofu una herufi yake. Wangu una S, maana yake mgumu, wa mtu mwenye nguvu anayezungusha fimbo kwa kasi. R ni wa kawaida. A ni laini, unapinda na kurudi, unausaidia mkono uliopungua kasi. Kule Mufindi tuliuita mpini wa wazee, na tuliucheka.

"Upinde mgumu kwa mtu asiye na nguvu ya kuuvuta haurushi mshale," akasema. "Mwanangu Dulla amepata fimbo mbili kuukuu huko Dar, vichwa vya aina moja, moja ina R, nyingine A. Nimwambie azitume kwa basi?"

"Hiyo A kampe baba yako."

"Baba yangu alishakufa, kaka. Na umri si tusi."

Nikamwambia azitume. Sikumwambia asante.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua kubwa. Mahindi yamepandwa.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo kulikuwa na maneno. Bibi Athanasie ni mjane aliyekuja zamani akiwa mkimbizi kutoka Burundi, akapata uraia, akapata na kipande chake cha ardhi pembeni mwa shimo letu la nne. Anaishi humo peke yake. Mahindi yake yamechipua juzi tu. Mpira wangu ukakata kulia kama kawaida yake, ukaingia humo, na wa pili, na wa tatu. Amri akasema, "Acha niende mimi, wewe una maneno makali." Akaingia kuitafuta, polepole, akiruka miche.

Bibi akatoka na jembe mkononi. Nilimsikia kutoka nilipokuwa, na waliokuwa wanapita barabarani kwenda gulioni walisimama wakasikia.

"Kila siku munanikanyagia! Kila siku! Mungu ana macho. Iko siku mutakoma."

Amri aliinamisha kichwa akaomba radhi kama mtoto wa shule. Mimi nilibaki kwenye kivuli nikijifanya nafuta fimbo. Jioni alimpelekea sufuria kutoka dukani kwake. Bibi aliipokea, lakini hakuna aliyekuwepo kuona akiipokea.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua. Radi imepiga mti wa shule.

Jumamosi, 23 Novemba

Fimbo zimefika, zimefungwa kwa gunia na kamba za katani. Ile ya A nilipoitikisa ilichezacheza mkononi kama ufito wa kuvulia samaki. Nimemwambia Amri kwamba hii si fimbo, huu ni utani. Amecheka. Akasema tufanye mtihani wa haki: mipira kumi kwa kila mpini, yeye asimame mbele na vigingi, achome kigingi pale kila mpira unapoangukia, halafu tupime kwa hatua. Nimekubali, ila siku nitakayochagua mimi, mkono ukiwa mzima.

Alhamisi, 28 Novemba

Bega linauma. Nimemwambia mama Josefina nimelalia vibaya. Amenitazama tu.

Jumatatu, 2 Desemba

Radi imeua ng'ombe watatu wa Msukuma mmoja kwenye njia ya Ugalla. Walikuwa wamejikusanya chini ya mti. Mama Josefina amesema, "Nyie na vyuma vyenu huko uwandani, muwe mnasikia." Nimemwambia tunaangalia mawingu.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua tangu alfajiri.

Jumatatu, 9 Desemba

Uwanda hauchezeki. Nimekaa ndani nikipinda ile A kwenye goti. Inapinda kwa urahisi wa kuudhi.

Jumatano, 11 Desemba

Jua. Nimemtumia Amri ujumbe: Jumamosi.

Jumatatu, 16 Desemba

Amri amekufa. Juzi, Jumamosi, saa kumi na dakika kidogo. Tumemzika jana kabla ya adhuhuri.

Nitaandika ilivyokuwa, kwa sababu humu hakuna anayesoma ila mimi.

Tulianza saa nane. Yeye alisimama mbele, kama hatua mia na hamsini, na vigingi vyake kwapani. Nikapiga kumi ya S, sita ikaenda kulia. Nikapiga kumi ya R, ilikuwa afadhali. Nikachukua A. Mpira wa kwanza ulipanda juu kuliko mpira wowote niliopiga miaka hii mitano, ukakaa hewani, ukaenda mbele moja kwa moja. Wa pili vilevile. Kwenye mpira wa tano nilijua. Hakuna cha kupima pale. Mpini wangu ni A, mimi ni mzee, na hilo limekwisha.

Amri alipohesabu hatua alirudi anatabasamu, hakusema kitu. Laiti angesema. Mimi nikamwambia mkono ulikuwa haujapata moto wakati wa S, kwa hiyo turudie. Mipira kumi tena, kwa S.

Wingu lilikuwa limesimama upande wa Ugalla, jeusi chini na juu jeupe kama pamba. Amri akasema, "Kaka, twende. Tutarudia kesho."

"Kumi tu."

Akaenda mbele. Nikapiga wa kwanza. Upepo ukageuka ukawa wa baridi. Akaniita kutoka kule, mikono mdomoni, "Kaka, hili si wingu la kukaa nalo!" Nikamwonyesha mpira kwa fimbo, maana yake achukue kigingi. Nikapiga wa pili na wa tatu. Mtu wa ng'ombe alikuwa anaswaga mifugo yake mbio kwenda mtaani. Amri akaita tena. Sikusikia maneno, ila mkono wake nauona mpaka sasa, anaupunga kuelekea nyumbani. Nikapiga wa nne. Ulikwenda mbele, mzuri, nami nikafurahi.

Halafu weupe. Nilijikuta nimepiga magoti, masikio hayasikii kitu. Nilipoinua macho Amri alikuwa amelala, kandambili moja iko mbali naye. Nilikimbia, miguu ikanigomea, nikaanguka, nikakimbia. Shati lilikuwa limechanika begani mpaka kiunoni kama lililopasuliwa kwa wembe. Nilimwita jina lake. Yule mtu wa ng'ombe akarudi, tukambeba hadi barabarani kwenye mvua, na njia nzima nilikuwa nasema "tumefika, tumefika," naye alikuwa hayupo.

Naseeb, mdogo wake Amri, alifika kwa pikipiki. Alimfunika kaka yake kwa koti lake. Akaniuliza, "Ilikuwaje, mzee?"

Nikasema, "Tulikuwa tunaondoka."

Jumanne, 17 Desemba

Hitma. Dulla amefika kutoka Dar. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema baba yake alikuwa akinitaja kila akipiga simu.

Ijumaa, 20 Desemba

Mvua.

Jumatano, 25 Desemba

Nimekwenda misa. Sikula.

Ijumaa, 27 Desemba

Kwenye kahawa wanasema radi ile ilitumwa. Wanasema radi ya Mungu haichagui mtu mmoja kati ya wawili. Mmoja akasema, "Si yule bibi wa Burundi alimwambia, iko siku mtakoma? Tulimsikia wenyewe." Wakaniangalia. Nikainua kikombe nikanywa.

Jioni Naseeb amekuja hapa nyumbani. Siku zote nilimwona mtu mwepesi, wa maneno mengi. Leo alikaa kwenye kigoda, macho mekundu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anayeogopa jibu.

"Mzee, ni kweli yule mama alimlaani kaka yangu?"

"Waligombana," nikasema.

"Kwa sababu gani?"

"Mipira iliingia shambani kwake."

Sikusema mipira ya nani. Aliinuka, akaniaga kwa adabu zote.

Jumanne, 31 Desemba

Wamechoma nyumba ya bibi Athanasie. Saa tisa mchana, watu wanaona, yeye akiwa amekwenda kusaga mashineni. Majani ya paa yalikuwa yamelowa, kwa hiyo walimwaga petroli. Alipotokea na debe lake la unga kichwani walimkuta njiani wakampiga. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Kama si mwenyekiti wa mtaa kujitupa katikati wangemuua. Unga umemwagika barabarani, mvua imeugeuza uji.

Naseeb hakuwepo. Wanasema alikuwa dukani. Mimi nilikuwa hapa, nimekaa kwenye kiti hiki. Niliona moshi.

Alhamisi, 2 Januari

Binti wa bibi Athanasie amekuja kumchukua kutoka wodini, wamekwenda kwake Mishamo.

Jumapili, 5 Januari

Mvua.

Jumanne, 7 Januari

Mvua. Mama Josefina ametoka na jembe asubuhi bila kusema. Amerudi saa saba, matope magotini. Nilimuuliza alikuwa wapi. "Kwa Athanasie. Magugu yanameza mahindi."

Ijumaa, 10 Januari

Ameenda tena.

Jumatatu, 13 Januari

Silali vizuri. Nimejiambia kila nililojua la kujiambia. Radi ni radi. Hata njiani ingeweza kutupiga. Lakini kutoka pale mpaka mtaani ni dakika kumi na tano, na tangu aliponiambia twende mara ya kwanza zilipita zaidi ya ishirini. Tungekuwa barazani kwake tunakunywa chai.

Alhamisi, 16 Januari

Leo mama Josefina ameniambia kitu. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua macho.

"Baba Josefina, siku ile mlikuwa mnaondoka?"

Nikamwambia ndiyo.

"Siku ya msiba nilikwenda kukuletea fimbo zako zisiibiwe. Mipira sita ilikuwa bado imepangwa kwenye majani, mstari mmoja. Mtu anayeondoka anaacha mipira imepangwa?"

Yeye akaendelea kumenya. Miaka arobaini na mbili nimeishi na mwanamke huyu nikiamini kwamba mchezo wangu haumhusu na hauelewi. Amekaa na mipira ile mwezi mzima, ananipikia, ananifulia, anakwenda kulima shamba la yule bibi, akinisubiri nianze mwenyewe.

"Kwa nini hukuniuliza mapema?"

"Nilidhani nimeolewa na mtu atakayesema."

Jumapili, 19 Januari

Mvua. Nimekwenda kuungama. Padri ameniuliza kama walioumizwa wanajua. Nimesema hapana. Akasema basi bado nina safari.

Alhamisi, 23 Januari

Arobaini ya Amri. Uwanja wa nyumba ulijaa, mikeka mpaka nje. Mwanaiddi, mke wake, yuko edani, amekaa chumbani nyuma ya pazia na wanawake wenzake. Dua ilipokwisha, kabla ya chakula, nilimwomba Naseeb niseme neno. Alidhani nataka kumsifu marehemu. Akawanyamazisha watu.

Nilisema nimesema uongo. Nilisema hatukuwa tunaondoka. Amri alitaka twende, mimi nikamzuia, kwa ajili ya kujua mpini upi wa fimbo unanifaa, na hilo nilikuwa nimeshalijua. Nilikuwa nataka tu lisiwe kweli. Nilisema mipira iliyoingia shambani kwa bibi Athanasie ilikuwa yangu, yote, hata mmoja haukuwa wa Amri. Kama mama yule alikuwa na laana, mwenye kustahili nilikuwa mimi, na mimi nimesimama hapa.

Watoto tu walisikika nje.

Mzee mmoja akasema radi ya kutumwa hukosea pia. Wawili watatu wakaguna kukubali. Nikaona kwamba neno langu moja halitafuta walichokwisha kukiamini. Naseeb akamwambia yule mzee, "Nyamaza." Kisha akanigeukia.

"Nilikuuliza, mzee. Nilikuja kwako nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Mimi ndiye niliyewaambia vijana kwamba ni kweli. Nikawaambia nimehakikisha kwako, mzee Makarius. Umeutia mkono wangu kwenye moto ule."

Sauti ya Mwanaiddi ikatoka nyuma ya pazia. Sikuwahi kusikia sauti yake ikiwa tupu vile.

"Alikuomba mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Amri hakuwa mtu wa kuomba mara tatu," akasema. "Mtu mwingine angemwacha pale pale. Wewe alikuheshimu." Halafu, "Chakula kiletwe, watu wana njaa."

Sikujua kama nikae au niondoke. Dulla alinisogezea sinia, akakaa upande wa pili bila kunitazama. Nilikula matonge mawili.

Ijumaa, 24 Januari

Kwenye kahawa wameninyima nafasi. Sawa.

Alhamisi, 30 Januari

Naseeb amekwenda mwenyewe polisi kusema alichosema na aliwaambia akina nani. Wawili wamekamatwa, mmoja amekimbia. Naseeb naye yuko ndani. Mwanaiddi amebaki na duka na hana wa kulifungua. Sikulifikiria hili niliposimama kusema.

Jumatatu, 3 Februari

Mvua kubwa. Mahindi ya bibi Athanasie yametoa mbelewele.

Jumamosi, 8 Februari

Mishamo. Naandikia kwenye benchi la nyumba ya binti yake bibi Athanasie. Basi lilikwama kwenye tope mara mbili.

Nilimkuta amekaa mlangoni, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Vidole vimevimba, havikunjiki. Aliniangalia nikija tangu barabarani. Hakuinuka. Nilimwambia yote, nimesimama, mpaka kwenye mipira kumi tena na nilivyonyamaza mbele ya Naseeb. Alisikiliza.

"Ulisema siku gani, muzee?"

"Tarehe ishirini na tatu, mwezi wa kwanza."

"Na nyumba yangu?"

"Thelathini na moja, mwezi wa kumi na mbili."

Akahesabu kwa vidole vya mkono mzima, akiviweka gotini. Alirudia ili asikosee.

"Siku ishirini na tatu," akasema. "Na kabla ya hapo kumi na saba tangu radi, ulipokuwa unajua na wanasema."

Nikasema ndiyo. Nikamwambia shamba lake linalimwa, mahindi yamesimama vizuri, akirudi atavuna mwenyewe, na watu wa mtaa watajenga, mwenyekiti ameahidi.

"Sirudi." Hakusema kwa hasira. "Muke wako avune. Nimekwisha kukimbia mara mbili, ya tatu siwezi."

Nikauliza kama kuna kitu ninachoweza kumfanyia. Kuku waliingia ndani, binti akawatoa.

"Wakati naletwa hapa habari ilikuwa imekwisha kutangulia. Kisimani wanawake wananipisha. Wananiachia nafasi kubwa, kama ng'ombe anapita. Watoto wa binti yangu hawachezi na wenzao." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Umesema kule. Hapa hujasema."

"Nitasema kwa nani?"

"Kesho Jumapili. Kigango kinajaa. Lala hapa."

Binti yake hakupenda, niliona. Hata hivyo amenitandikia mkeka jikoni na kuniletea ugali na maharage. Nimekula peke yangu.

Jumapili, 9 Februari

Padri hakuja, barabara imekatika. Katekista ameongoza ibada. Kigango kimejengwa kwa tofali mbichi, mabati yanavuja kwenye kona, na watu walikuwa wengi kuliko viti. Bibi Athanasie alikaa benchi la mbele upande wa wanawake. Benchi lote alikuwa peke yake na binti yake.

Baada ya matangazo katekista akasema kuna mgeni. Nikaenda mbele. Nimewahi kusimama mbele ya wakubwa wa kampuni nikihesabiwa stoo nzima, lakini wale walikuwa wananijua. Hakuna aliyenijua pale. Hawakumjua Amri, hawajui gofu ni nini, na ilibidi niwaeleze kwamba ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo, na kwamba mzee anapopungua nguvu anatakiwa achague mpini laini, na kwamba mimi sikutaka.

Nilikuwa nimefika hapo, kichwa chini, naongea na miguu yangu, katekista aliponigusa begani.

"Sema kwa sauti, mzee. Wale wa nyuma hawasikii."

Nikainua kichwa, nikaanza upya kutoka kwenye jina langu.